Mapacha wa Nuru: Kutoka Kuba la Kidichi hadi Kikomo cha Bell

Kidichi, eneo la mashamba ya karafuu, mdalasini na kungumanga lililo takriban kilomita 10 kaskazini mashariki ya Mji Mkongwe wa Unguja, linafahamika zaidi kwa hamamu iliyojengwa mwaka 1850 kwa amri ya Seyyid Said bin Sultan kwa ajili ya mkewe Shahrazad, binti wa ukoo wa kifalme wa Uajemi, ambaye asili yake ndiyo iliyoleta kisiwani nakshi za chokaa za maua na ndege zilizopamba kuta za jengo hilo. Mgeni anayesimama chini ya kuba na kuitazama nakshi hiyo kwa mwanga unaoshuka kutoka juu huondoka na hakika isiyomsumbua hata kidogo, kwamba ua lile la chokaa lilikuwa na umbo lile kabla yeye hajaingia na litabaki nalo baada ya yeye kutoka. Ni hakika inayotumiwa na mkulima, mahakama na sayansi yenyewe kwa karne nyingi, na haikuwahi kudaiwa ushahidi. Hata hivyo, tangu mwaka 1972 hakika hiyo, ikiunganishwa na ya pili inayofuatana nayo, imewekwa kwenye mizani kwa kutumia mwanga, na mizani imeikataa.

Hakika ya kwanza wanafizikia huiita uhalisia, yaani imani kwamba kitu kina sifa zake tayari, na kwamba kupima ni kuzisoma tu. Ya pili ni umahali, yaani kanuni kwamba jambo lifanyikalo sehemu moja haliwezi kuligusa jambo la sehemu nyingine ila kwa kitu kinachosafiri kati yake, na kitu hicho hakiwezi kuizidi kasi ya mwanga, ambayo ni karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Unguja ilipata mfano mzuri wa kanuni hii mwaka 1879, waya wa simu ya maandishi uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ulipofika kisiwani: habari zilizokuwa zikingojwa kwa majuma hadi meli itie nanga zikaanza kufika siku ile ile, lakini bado zilikuwa na njia yake na muda wake, na aliyeukata waya alikuwa ameikata habari. Hakika hizo mbili zikiwekwa pamoja huitwa uhalisia wa mahali, na ndizo zilizohojiwa kwa fotoni.

Fotoni ni chembe ndogo kabisa ya mwanga, isiyoweza kugawanywa na kubaki na rangi ile ile. Sifa yake inayohusika hapa ni mwelekeo wa mtikisiko wake, ambao kitaalamu huitwa polaraizesheni, na ambao mvuvi au nahodha huutumia bila kuutaja kila anapovaa miwani ya kukata mng'aro wa bahari, kwa kuwa mwanga unaorudi kutoka uso wa maji hutikisika zaidi kwa ulalo na miwani hiyo hupitisha mtikisiko wa wima. Mwanga mwingi ukikutana na kichujio cha aina hiyo hupungua, lakini fotoni moja haina namna ya kupungua: ama inapita nzima, ama inazuiwa nzima. Ikiwa mwelekeo wake unatofautiana na wa kichujio kwa nyuzi 45, nafasi ya kupita ni nusu kwa nusu. Ikiwa tofauti ni nyuzi 22.5, nafasi ni takriban 85 kati ya 100, na namba hiyo inafaa kukumbukwa kwa sababu itarudi.

Zipo jozi za fotoni zinazozaliwa pamoja kwa namna ambayo hakuna hata moja iliyo na mwelekeo wake binafsi, ila zote mbili zina uhusiano mmoja. Kila moja ikikutana na kichujio hupita au huzuiwa kwa bahati tupu, nusu kwa nusu, kama sarafu. Lakini vichujio vya pande zote mbili vikielekezwa sawa, matokeo hufanana kila mara, hata pande hizo zikiwa mbali kiasi gani. Hali hii ndiyo mfungamano wa kikwanta, na jina lake la awali, kwa Kijerumani, lilitolewa na Erwin Schrödinger mwaka 1935.

Mtu wa kawaida hana sababu ya kushangaa mara moja, na hapo yuko sahihi. Jozi ya makubadhi ikitenganishwa, moja ikapelekwa Kidichi na jingine Forodhani, ufukweni mwa Mji Mkongwe, anayefungua mfuko wake Kidichi na kukuta la kushoto hujua papo hapo kwamba la kulia liko Forodhani, na hakuna kilichosafiri, kwa kuwa kila kubadhi lilikuwa na upande wake tangu kwa fundi. Albert Einstein, pamoja na Boris Podolsky na Nathan Rosen, walitoa hoja ya aina hiyo mwezi Mei 1935: ikiwa matokeo ya mbali yanatabirika kwa uhakika, basi sifa zilikuwapo tangu mwanzo, na nadharia ya kwanta, ile ya fizikia ya chembe ndogo kabisa, ambayo haizitaji, ni nadharia isiyokamilika. Niels Bohr, mmoja wa waasisi wa nadharia hiyo, alipinga, ubishi ukaendelea, na kwa karibu miaka 30 wanafizikia wengi waliuona kuwa suala la falsafa ambalo hakuna kipimo cha kuliamua.

Aliyelifanya lipimike ni John Stewart Bell, mzaliwa wa Belfast wa mwaka 1928, ambaye kazi yake ya ajira ilikuwa katika kituo cha CERN, karibu na Geneva, na ambaye suala hili alilishughulikia nje ya majukumu yake. Katika makala ya kurasa chache iliyochapishwa mwaka 1964, kwenye jarida ambalo halikudumu, Bell alionyesha kwamba nadharia yoyote ya mtindo wa makubadhi ina kikomo cha ulinganifu isichoweza kukivuka, ilhali nadharia ya kwanta inatabiri kuvuka. Umuhimu wake hauko katika ugumu wa hesabu, maana hesabu hiyo ni nyepesi kiasi cha kuweza kufuatwa na mwanafunzi wa sekondari, bali katika kugundua kwamba swali la iwapo sifa zilikuwapo kabla ya kutazamwa linaweza kupewa jibu na kigunduzi na saa.

Hoja hiyo, katika sura iliyoandaliwa kwa ajili ya maabara mwaka 1969 na John Clauser, Michael Horne, Abner Shimony na Richard Holt, inaelezeka vizuri kwa mfano wa mchezo. Mchezaji mmoja akae Kidichi na mwenzake Forodhani, bila simu wala njia nyingine ya kuwasiliana, ingawa kabla ya kuachana wameruhusiwa kupatana mbinu yoyote waitakayo. Kila mmoja huletewa kadi nyeupe au nyekundu, iliyochaguliwa kwa kurusha sarafu, naye lazima ajibu ndiyo au hapana papo hapo, kabla hata mwanga haujaweza kutoka kwake kumfikia mwenzake, muda ambao kwa umbali huo ni kama sehemu 33 tu za milioni ya sekunde. Kadi zote mbili zikiwa nyekundu, majibu lazima yatofautiane ili washinde. Katika hali nyingine zote tatu, lazima yafanane.

Ikichukuliwa kwamba kila mchezaji ana majibu yake tayari, moja la kadi nyeupe na moja la nyekundu, kama kubadhi lenye upande wake, basi jibu la Kidichi kwa nyeupe linatakiwa lifanane na majibu yote mawili ya Forodhani, jambo linalofanya hayo mawili yafanane yenyewe kwa yenyewe. Jibu la Kidichi kwa nyekundu nalo linatakiwa lifanane na la Forodhani kwa nyeupe. Na kwa mnyororo huo majibu yote manne yanakuwa jibu moja, ilhali kanuni inadai kwamba nyekundu kwa nyekundu zitofautiane. Hali moja kati ya nne lazima ivunjike, kwa hiyo ushindi hauwezi kuzidi 75 kati ya 100, hata wachezaji wabadilishe mbinu kila raundi au wafuate daftari la siri lenye kurasa milioni. Sasa wachezaji hao wapewe fotoni zilizofungamana, moja kila upande, na wajibu kwa kuangalia kama imepita au imezuiwa, Kidichi wakielekeza kichujio nyuzi 0 kwa kadi nyeupe na 45 kwa nyekundu, Forodhani wakikielekeza 22.5 upande wa ile 45 kwa nyeupe na 22.5 upande wa pili kwa nyekundu. Katika kila hali kati ya zile nne ushindi unakuwa takriban 85 kati ya 100, ile namba ya kichujio.

Kati ya 75 na 85 hakuna umbali wa kutisha, na pengine ndiyo sababu habari hii huandikwa mara nyingi kwa maneno ya miujiza badala ya hesabu. Lakini uzito wote uko katika hesabu, kwa sababu 75 si desturi wala makadirio, ni ukuta, na kitu kinachoupita ukuta huo kinathibitisha kwamba dhana moja kati ya zilizoujenga si ya kweli. Wanafizikia huandika matokeo kwa kipimo kingine, ambamo ukuta wa 75 unaitwa 2 na kilele cha kwanta cha 85 kinafikia 2.83, na kwa kipimo hicho ndivyo majaribio yanavyosomeka.

La kwanza lililoandaliwa mahususi kwa ajili hii lilifanywa Berkeley, California, na Clauser pamoja na mwanafunzi Stuart Freedman, na likachapishwa mwaka 1972. Mvuke wa kalsiamu ulichochewa kwa taa, na kila atomu iliyoshuka ngazi mbili za nishati ilitoa fotoni mbili, ya kijani yenye urefu wa wimbi wa nanomita 551 na ya zambarau ya nanomita 423, ambazo zilitumwa pande mbili kwenye vichujio vilivyotengenezwa kwa matabaka ya vioo. Vigunduzi vya wakati huo vilizikosa fotoni nyingi mno, hivyo ilibidi mashine ihesabu kwa muda wa saa zipatazo 200. Clauser alitaraji kwamba uhalisia wa mahali ungeshinda, na jibu lilipokuja kinyume cha tarajio lake alilichapisha kama lilivyo. Chuo Kikuu cha Harvard, Holt na Francis Pipkin walitumia zebaki wakapata matokeo yaliyoegemea upande wa pili, nao wakasita kuyachapisha jaridani. Clauser akalirudia jaribio kwa zebaki, Edward Fry na Randall Thompson wakafanya lao Texas, na mwaka 1976 majibu yote mawili yalikubaliana na nadharia ya kwanta.

Hatua iliyofuata ina mizizi katika ardhi ya Afrika. Alain Aspect, kijana wa Kifaransa aliyekwenda Kameruni mwanzoni mwa miaka ya 1970 kufundisha kwa miaka mitatu badala ya kutumikia jeshini, alitumia muda wake wa jioni huko kujisomesha fizikia ya kwanta kutoka kitabu kipya cha wakati huo cha Claude Cohen-Tannoudji na wenzake, na aliporejea Ufaransa akalichagua swali la Bell kuwa kazi yake. Alipokwenda Geneva kumweleza Bell mpango wake, Bell alimwuliza kwanza kama ana ajira ya kudumu, kwa kuwa wakati huo swali hili liliweza kumharibia kijana maisha ya kazi. Hilo lenyewe ni jambo la kusikitisha katika historia ya sayansi, kwamba swali zito kuliko mengi lilikaa miaka likionekana kama la watu wasio na shughuli.

Aspect na wenzake Philippe Grangier, Gérard Roger na Jean Dalibard walifanya majaribio matatu huko Orsay kati ya mwaka 1981 na 1982. Moja lilitoa 2.70, mbali kabisa na ukuta wa 2. La mwisho lilishughulikia swali la umahali wenyewe, kwani vichujio vya pande mbili vilitenganishwa kwa mita 12, masafa ambayo mwanga huyapita kwa nanosekunde 40, na mwelekeo wa kipimo ukabadilishwa kila nanosekunde 10 hivi, wakati fotoni zikiwa tayari njiani. Nadharia ya kwanta ilishinda tena. Ulibaki mwanya wa kwanza wa kuyakwepa matokeo, kwamba mabadiliko hayo yalikuwa na mwendo wa kujirudia na kwa hiyo kimsingi yangeweza kutabirika, na ilichukua hadi mwaka 1998 kwa Gregor Weihs na wenzake katika kundi la Anton Zeilinger, huko Innsbruck, kuweka mita 400 kati ya pande mbili na kuuacha uteuzi kwa mashine za namba nasibu, wakapata 2.73. Mwaka huo huo kundi la Nicolas Gisin lilitumia mkongo wa kawaida wa simu kuzipeleka fotoni katika vijiji vya Bellevue na Bernex, pande mbili za Geneva, vilivyoachana kwa kilomita 10.9, umbali ambao kwa mtu wa Unguja ni karibu sawa na ule wa kutoka Forodhani hadi hamamu ya Kidichi.

Mwanya wa pili ulikuwa mgumu zaidi kuuziba. Kama wachezaji wa Kidichi na Forodhani wangeruhusiwa kusema kwamba hawakusikia swali, na raundi hizo zikafutwa, wangeweza kuvuka 75 kwa ulaghai mtupu, kila mmoja akinyamaza pale kadi isipompendeza. Na vigunduzi vinavyopoteza fotoni nyingi ni wachezaji wa aina hiyo hiyo, hata kama hakuna anayewadhania ubaya. Hesabu zinaonyesha kwamba kwa jozi zilizofungamana kikamilifu takriban fotoni 83 kati ya 100 lazima zigunduliwe ili mwanya huo uzibwe, ingawa Philippe Eberhard alithibitisha mwaka 1993 kwamba jozi zilizofungamana kwa kiasi tu zinahitaji theluthi mbili. Ndipo vikatengenezwa vigunduzi vinavyofanya kazi katika baridi inayokaribia sifuri halisi ya joto, na fotoni zikazalishwa si kwa mvuke wa atomu tena bali kwa fuwele, ambamo fotoni moja ya leza hugawika kuwa mbili zenye nishati nusu kwa nusu.

Mwaka 2015 mianya hiyo miwili ilizibwa kwa pamoja, mara tatu ndani ya miezi michache. Delft, Uholanzi, kundi la Ronald Hanson lilitumia elektroni ndani ya almasi mbili zilizotenganishwa kwa kilomita 1.3 na kufungamanishwa kwa fotoni, likapata 2.42 kutokana na majaribio 245 tu; Vienna, kundi la Zeilinger lilifanya kazi chini ya ardhi katika kasri ya Hofburg kwa fotoni peke yake; na Boulder, Colorado, kundi la taasisi ya vipimo ya Marekani likatumia fotoni pia. Kwa mtazamo wa makala haya, mwaka 2015 unastahili heshima kuliko 1972, ingawa haukuleta habari mpya, kwa sababu hapo ndipo wanasayansi walipokataa kuipokea hata natija waliyoiamini kwa miaka 40 mpaka kila kisingizio chenye mantiki kilipoondolewa.

Kilichobaki ni swali la nani huchagua kadi, kwani mtu anaweza kudai kwamba mashine ya nasibu nayo ilikuwa na siri moja na fotoni tangu zamani. Tarehe 30 Novemba 2016 watu wapatao 100,000 duniani kote walibofya sifuri na moja kupitia intaneti, na uchaguzi wao, takriban namba milioni 97, ukaelekeza vipimo katika maabara 12. Mwaka 2018 kundi lililofanya kazi kwenye darubini za kisiwa cha La Palma liliuacha uchaguzi kwa nuru ya vitovu ving'aavu vya galaksi za mbali, kimoja kikiwa kimeitoa nuru hiyo miaka bilioni 7.8 iliyopita na kingine bilioni 12.2, kiasi kwamba njama yoyote ingebidi ipangwe kabla Jua halijakuwapo. Setilaiti ya China iliyopewa jina la mwanafalsafa Mozi nayo ilishusha jozi za fotoni mwaka 2017 katika vituo vilivyoachana kwa kilomita 1,203 na kupata 2.37. Masafa hayo yanazidi kidogo yale ya kutoka Kidichi hadi Kigali, mji ambao tangu mwaka 2018 una Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Msingi, mshirika wa kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, kilichoasisiwa na Abdus Salam, na ambako vijana wa ukanda huu husomea fizikia ya ngazi za juu bila kulazimika kuvuka bahari.

Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2022 ilikwenda kwa Aspect, Clauser na Zeilinger, mwaka mmoja baada ya Mzanzibari Abdulrazak Gurnah kupewa ile ya fasihi. Bell alikwishafariki mwaka 1990. Tuzo hiyo ilifuatwa na maneno mengi yasiyo sahihi, na lililo baya kuliko yote ni dai kwamba mfungamano unaweza kupeleka ujumbe kwa kasi inayouzidi mwanga, au kwamba unathibitisha tiba na vipawa vinavyouzwa kwa jina la kwanta. Mchezaji wa Kidichi akiyatazama majibu yake peke yake huona ndiyo na hapana zilizochanganyika nusu kwa nusu, bila alama yoyote ya kilichofanywa Forodhani. Ni pale tu madaftari mawili yanapokutanishwa, kwa simu au kwa daladala, ndipo ule ushindi wa 85 unapoonekana. Manufaa ya kweli ni mengine, na Artur Ekert aliyaonyesha mwaka 1991: watu wawili wanaovuka ukuta wa Bell wana hakika kwamba hakuna wa tatu aliyeyajua majibu yao, hivyo majibu hayo yanaweza kuwa ufunguo wa siri.

Ni dhana ipi basi inayoachwa? Majaribio hayalazimishi chaguo moja. Nadharia ya David Bohm ya mwaka 1952 huubakiza uhalisia na kuutoa mhanga umahali. Wanafizikia wengi wengine hukubali kwamba mwelekeo wa fotoni haukuwapo kabla ya kupimwa. Na wachache hushikilia kwamba hata uchaguzi wa kadi umekwishaandikwa tangu mwanzo wa ulimwengu, msimamo usioweza kukanushwa kwa jaribio lolote, na ambao kwa sababu hiyo hiyo ungeyafanya majaribio yote ya sayansi yakose maana. Hakuna hata moja kati ya njia hizo inayoirudisha ile hakika ya makubadhi.

Vifaa vya swali hili vimeshuka bei na ukubwa, na katika vyuo vikuu vingi sasa wanafunzi wa shahada ya kwanza hulifanya jaribio la Bell juu ya meza moja: leza ya zambarau ya nanomita 405, fuwele mbili nyembamba za bariamu borati zilizogandanishwa kwa kupishana pembe, vichujio viwili vya kuzungushwa kwa mkono, vigunduzi viwili, na saketi inayohesabu pale vyote viwili vinapolia kwa wakati mmoja. Chumba kimoja cha hamamu ya Kidichi, matundu ya kuba yakizibwa kwa kitambaa cheusi, kingeitosheleza meza hiyo. Fotoni zinazozaliwa zina nanomita 810, nuru ambayo jicho haliioni, kwa hiyo mwanafunzi hukaa gizani akizungusha kichujio na kuandika hesabu za jozi 16 za pembe, nne kwa nne, kisha huwasha taa, hujumlisha na kutoa, na kuangalia kama namba iliyopatikana imezidi 2.